Gobori Jipya na Kipimo Chake

Bunduki ya siku hizi hununuliwa pamoja na kipimo chake. Baruti imekwisha kupimwa kiwandani, ikafungwa ndani ya ganda la shaba pamoja na risasi na fataki, na mwenye bunduki hana kazi ila kutia na kufyatua. Gobori sivyo lilivyo. Gobori hushindiliwa kwa mdomo wa kasiba, baruti kwanza, kisha risasi, na fataki huvikwa nje mwisho wa kazi. Wala hapana duka liwezalo kumwambia mnunuzi kwa hakika kwamba kasiba ile yataka baruti kiasi gani. Kasiba mbili zilizotoka katika kiwanda kimoja zaweza kupenda vipimo viwili mbalimbali. Kwa hiyo mtu aliyepata gobori, kwa urithi au kwa fedha zake, ajue kwamba hajapata bunduki bado. Amepata bomba la chuma na kipande cha mti. Bunduki ataipata atakapokwisha kulijaribu, na majaribio hayo yakifanywa kwa haraka huondoa vidole, macho, na pengine roho.

Wasomaji wetu wa Kawangware na wa Kibera huenda wakastaajabu kwamba twaanza habari hii mlangoni pao. Lakini mahali hapo pawili pana habari nyingi za bunduki kuliko watu wadhanivyo. Kawangware imo katika nchi ya Dagoretti, na Dagoretti ndiko alikojenga boma Kapteni Lugard mwezi wa Oktoba mwaka 1890, alipokuwa akienda Uganda kwa kazi ya Kampuni ya Imperial British East Africa, baada ya kupatana na Waiyaki wa Hinga. Mapatano hayo hayakudumu. Boma lile liliachwa na kuteketezwa mwaka uliofuata, na Waiyaki mwenyewe alikamatwa mwaka 1892, akafa Kibwezi katika njia ya kupelekwa pwani. Kabla ya Lugard, misafara ya pwani ilikuwa imekwisha kuzoea kutua karibu na Ngong kununua chakula, na wapagazi wengi walichukua magobori mabegani.

Askari wa Kampuni walikuwa na bunduki ziitwazo Snider. Nazo, ukizichunguza, ni wana wa gobori. Waingereza walikuwa na gobori la Enfield la mwaka 1853, na kuanzia mwaka 1866 waliyachukua magobori hayo, wakaikata kasiba upande wa nyuma na kuitia kilango cha bawaba, ili risasi iingie kwa nyuma badala ya mbele. Kasiba ilikuwa ile ile, kitako kile kile, na upana wa tundu ule ule. Basi Snider iliyolia Dagoretti ilikuwa Enfield iliyopasuliwa mgongo.

Na Kibera je? Mwaka 1891 Lugard alifika Kavalli, karibu na Ziwa Albert, akawachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa huko tangu siku za Emin Pasha. Askari hao na wenzao waliotumikia Uganda na Kenya ndio waliokuja kuingizwa katika jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, na jamaa zao wakapewa kukaa katika msitu ulio kusini ya Ngong Road tangu mwaka 1904. Wanubi waliuita Kibra, yaani msitu, na mwaka 1918 Serikali iliutangaza kuwa ardhi ya jeshi. Wajukuu wa askari hao walingoja hati ya ardhi hata mwaka 2017, walipopewa ekari 288.

Askari wale wa Emin walikuwa na bunduki za Remington, ambazo ni bora kuliko gobori kwa kila jambo ila moja tu. Remington hula risasi yake yenyewe iliyofungwa kiwandani, na risasi zikiisha, bunduki hugeuka kuwa fimbo. Walipokatiwa njia ya Misri, upungufu huo ulikuwa miongoni mwa taabu zao kubwa, na katika mizigo ambayo Stanley aliivusha msitu wa Kongo katika safari yake ya mwaka 1887 hadi 1889 yalikuwamo masanduku ya risasi za Remington za kumpelekea Emin. Mwenye gobori hakungoja Stanley. Risasi aliiyeyusha mwenyewe, na kipimo chake alikijua kwa moyo. Nadhani hiyo ndiyo sababu gobori halikufa upesi katika mikono ya wakulima wetu wa Afrika Mashariki, na kule Tanzania yako hata leo magobori mengi vijijini.

Sababu ya pili ni ya sheria. Mwaka 1888 balozi wa Kiingereza wa Unguja, Euan-Smith, alikisia kwamba bunduki baina ya 80,000 na 100,000 ziliingia pwani ya Afrika Mashariki kila mwaka kutoka Ulaya. Miaka miwili baadaye mataifa yalikutana Brussels, wakakata shauri kwamba baina ya nyuzi 20 za kaskazini na nyuzi 22 za kusini Mwafrika asiuziwe bunduki ila gumegume isiyo na mifuo ndani ya kasiba, tena kwa ruhusa. Neno hilo la mifuo si dogo. Kasiba laini hurusha risasi ya duara ikiyumba, na baada ya hatua mia hivi mlengaji hana hakika. Kasiba iliyochongwa mifuo ya mzunguko huizungusha risasi kama pia, nayo huenda moja kwa moja. Katika tofauti hiyo ya mifuo michache ndimo walimotenganishwa watu wa kutawala na watu wa kutawaliwa. Waliokutana Brussels walijua vema walichokuwa wakikikataza.

Basi tuchukue mfano wa gobori lenye mifuo, na liwe lile lile la Enfield, maana nakala zake mpya hutengenezwa hata leo kule Italia. Kasiba yake ina urefu wa inchi 39 na mifuo 3, na tundu lake lina upana wa milimita 14.7 hivi. Kipimo cha askari kilikuwa baruti gramu 4 na nusu, na risasi yake ilikuwa na uzito wa gramu 34, iliyofanyizwa na shimo upande wa nyuma ili nguvu ya baruti iipanue na kuishikisha katika mifuo. Alama zake za kulengea ziliandikwa hata yadi 900.

Hizo yadi 900 azifikiri sana mtu akaaye Kibera au Kawangware. Zamani za askari Kibera ilikuwa miti. Leo ni nyumba juu ya nyumba, na ukuta wa bati hauzuii risasi ya gramu 34, wala hautaipunguza mwendo wa kutosha. Hapana kiwanja cha mpira, bonde la mto, wala uchochoro katika mitaa hiyo miwili panapofaa kujaribia bunduki hata mara moja, hata usiku, hata kwa baruti tupu. Majaribio yafanywe katika uwanja wa shabaha uliokubaliwa, wenye kingo ya udongo na msimamizi.

Tena yatangulie mambo ya cheti. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura 114, yataka cheti kwa mwenye silaha, na baruti ina sheria yake ya vilipuzi, Sura 115. Asijihukumu mtu mwenyewe kwamba gobori la babu ni pambo tu la ukutani; aende kwa wenye mamlaka akaulize kabla ya kuligusa. Wala asidhani cheti ni ruhusa ya kuwinda, kwa sababu uwindaji wa michezo ulikomeshwa Kenya mwaka 1977.

Sasa gobori limefika nyumbani na karatasi zake ni halali. Kazi ya kwanza ni kujua kama ndani mna kitu. Chukua mdeki, uuteremshe kasibani polepole mpaka ukome, utie alama penye mdomo. Utoe, uulaze juu ya kasiba upande wa nje, alama ikiwa sawa na mdomo. Ncha ya pili ikifika penye tundu la moto, kasiba ni tupu. Ikipungukiwa kwa inchi 2 au 3, mna baruti na risasi, na pengine zimelala humo miaka 60. Usicheke. Baada ya vita vya Gettysburg huko Marekani, mwaka 1863, ziliokotwa bunduki 27,574 uwanjani, na yasemekana kwamba karibu 24,000 zilikuwa bado zimeshindiliwa, na nusu ya hizo zilikuwa na risasi mbili mbili. Askari katika kelele hakujua kwamba fataki yake haikuwasha, akashindilia tena juu ya ile ya kwanza. Gobori lako la urithi laweza kuwa lilitoka katika mikono ya mtu kama huyo. Ukikuta limeshiba, usilichokoe kwa chuma wala usilitie motoni. Mpelekee fundi wa bunduki aliye na leseni.

Kasiba ikiwa tupu, ioshe kwa maji ya moto na uitazame juani. Kutu ya juu juu si neno. Mashimo ya kutu karibu na kitako cha kasiba, hapo panapowaka baruti, ni neno kubwa. Na uvimbe ulio kama pete katikati ya kasiba ni dalili ya kwamba ilikwisha kutaka kupasuka. Kasiba ya namna hiyo ifunguliwe, itundikwe ukutani, basi. Tazama pia mihuri. London ina nyumba ya kujaribia bunduki tangu karne ya 17, na Birmingham tangu mwaka 1813. Huko kila kasiba hufyatuliwa kwa baruti nyingi kuliko desturi kabla ya kuuzwa, kisha hupigwa muhuri. Zilizotoka Liège, Ubelgiji, zina herufi ELG ndani ya duara refu. Muhuri haukwambii kwamba kasiba ni nzima leo. Wakwambia kwamba ilikuwa nzima siku ilipozaliwa. Nayo isiyo na muhuri wo wote huenda ilifuliwa na fundi wa kienyeji kwa bomba la maji. Wapiganaji walioingia msituni baada ya mwaka 1952 walitengenezewa bunduki nyingi za mabomba kama hayo, na ziko zilizopasuka mikononi mwa wenyewe. Hao walikuwa na vita, nao hawakuwa na hiari. Mkulima wa leo anayo.

Mbao ni kazi nyepesi. Kitako kilichopasuka aweza kukichonga upya seremala mwema, na maseremala wa Ngong Road hawana wa kuwafundisha mti. Lakini seremala huyo huyo, au mchomeleaji jirani yake, asiguse kasiba kwa moto, hata akikuapia. Mtambo nao uujaribu hivi: vuta nyundo nusu ya njia, kisha ubonye kifyatulio kwa nguvu. Nyundo ikianguka, mtambo umelika, na siku moja utaanguka ukiwa njiani. Kichuchu kinachovikwa fataki kikiwa kimelegea, kibadilishwe. Ni kitu cha fedha kidogo, nacho kiko karibu sana na jicho.

Baruti ni neusi, tena ni hiyo tu. Ile baruti isiyo na moshi ya katika risasi za kisasa, hata ukiipima kijiko kile kile, ina nguvu isiyokadirika kwa chuma cha gobori, na kasiba hufunguka kama ua. Watu wameuawa kwa kosa hilo hilo katika nchi zote zenye magobori. Baruti ya kupikwa nyumbani kwa shura, makaa na kiberiti imekatazwa, nayo haina kipimo: leo huwaka polepole, kesho huruka.

Mlio wa kwanza usiupige begani. Lifunge gobori juu ya gurudumu kuukuu la motakaa, mdomo ukielekea kwenye kingo, ulitie kipimo kidogo, thuluthi mbili za kipimo cha askari, na risasi yake. Kisha funga kamba ndefu kwenye kifyatulio, nawe ukae nyuma ya ukuta. Fanya hivyo mara 3, ukiikagua kasiba kila mara, halafu mara 2 kwa kipimo kamili. Wako wazee wasemao gobori lijaribiwe kwa baruti maradufu, ili likiwa bovu lipasuke mbele ya kamba. Sikubaliani nao. Baruti maradufu yaweza kuiumiza kasiba nzima kwa ndani pasipo jicho kuona, na mlio wa kumi na moja, wa kipimo cha kawaida, ndio utakaoipasua ukiwa begani. Kazi ya kuzidisha baruti tuwaachie wenye nyumba za majaribio, walio na vyombo vya kupimia.

Katika kushindilia, hatari iko mahali pawili. Baruti usiimimine kutoka katika pembe moja kwa moja kasibani. Kaa la moto likiwa limebaki ndani kwa mlio uliopita, pembe yote hulipuka mkononi. Imimine kwanza katika kipimo, uifunge pembe, uiweke mbali, ndipo utie. Hatari ya pili ni risasi isiyofika chini. Ikisimama katikati ya njia na kuacha nafasi wazi juu ya baruti, nguvu hujikusanya hapo na kasiba huvimba au kupasuka. Kwa hiyo, mara ya kwanza unaposhindilia vema, utie mdeki alama ya pili penye mdomo; tangu siku hiyo, alama isipofika, hufyatui. Na wakati wote huo kichwa kisiwe juu ya mdomo, na mdeki ushikwe kwa vidole, si kwa kiganja.

Ukifyatua na fataki ikalia, lakini gobori likanyamaza, usiliteremshe wala usichungulie. Baruti yenye unyevu huweza kuungua kimya kimya kisha ikalipuka. Lielekeze kwenye shabaha kwa dakika moja nzima, bila kusema na mtu.

Sasa tafuta kipimo. Keti, liegemeze gobori juu ya mfuko wa mchanga, piga risasi 5 katika karatasi iliyo hatua 25 mbele, ukifuta kasiba kwa kitambaa chenye maji baada ya kila mlio, kwa sababu masizi ya jana na ya leo hayatoi shabaha moja. Usitazame kama umepiga katikati. Tazama kama matundu 5 yamekusanyika. Ongeza baruti kidogo, robo gramu tu, piga 5 nyingine, na usibadilishe kitu kingine cho chote. Utaona matundu yakikaribiana, halafu, ukizidi kuongeza, yakitawanyika tena. Pale yalipokaribiana zaidi ndipo penye kipimo cha kasiba yako, na mara nyingi ni chini ya kile cha askari. Nguvu nyingi na kelele humpendeza kijana; karatasi haijali.

Matundu yakikusanyika mahali pasipo katikati, hapo ndipo unapogusa alama za kulengea, wala si kabla. Yakienda kulia, alama ya nyuma isogezwe kushoto. Yakiwa chini, alama ya mbele ipunguzwe kwa tupa, kidogo kidogo, maana tupa haijui kurudisha. Yakiwa juu, usiharakishe: Enfield ilitiwa alama yake ya chini kwa yadi 100, na kwa umbali wa karibu kupiga juu ni desturi yake. Andika katika daftari uzito wa baruti, namna ya risasi, umbali, na mahali pa alama, ulihifadhi pamoja na cheti.

Jioni ile ile, kabla ya chakula, mimina maji ya moto yenye sabuni kasibani mpaka yatoke meupe, ukaushe, upake mafuta. Masizi ya baruti neusi hunywa unyevu wa hewa, na kwa mvua za Nairobi za mwezi wa Aprili usiku mmoja watosha kuanzisha kutu katika mifuo. Gobori likae kabatini lenye kufuli, fataki katika kabati jingine, na baruti mbali na vyote viwili na mbali na jiko.